Kazi ya Mafuta na Kazi ya Mizigo: Maswali ya Dereva Kabla ya Kushika Usukani

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkokotoni)



Katibu wa chama cha akiba na mikopo huulizwa mengi yasiyoandikwa katika daftari lake. Mojawapo ni swali la kijana aliyekwisha kupata leseni ya gari kubwa. Chama kilimkopesha ada ya mafunzo, na wanachama wawili wakamdhamini kwa hisa zao. Sasa ameitwa na waajiri wawili. Mmoja anataka dereva wa lori la mafuta, la kuchukua petroli na dizeli bohari na kuzishusha katika vituo vya kaskazini. Wa pili anataka dereva wa lori la mizigo, la kubeba saruji, unga, mchele na bidhaa za mahoteli. Kijana anauliza: ipi ni kazi bora?

Swali hili si lake peke yake. Akichagua vibaya, marejesho ya mkopo yatasimama, na hisa za wadhamini wake ndizo zitakazoguswa. Kwa hiyo yafaa chama kizima kijue namna ya kulipima.

Barazani majibu ni mepesi. Wako wasemao kwamba mafuta yana mshahara wa uhakika, na dereva wake hanyanyui gunia. Wako wasemao kwamba mafuta ni kifo kilichofungwa ndani ya bati, na kwamba mwenye lori la mizigo hurudi nyumbani na fedha mkononi kila jioni. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Lakini pande zote mbili husahau jambo moja ambalo katika kisiwa hiki ndilo linaloamua: nani anayelipia muda ambao gari limesimama.

Kisiwa ni kifupi, kungoja ni kurefu

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na mapana yake yasiyozidi kilomita 40. Kutoka Mjini hadi Mkokotoni ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na barabara ya Bububu, Mahonda na Mkokotoni, yenye kilomita 31, ni ya lami. Dereva wa Bara anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma ana zaidi ya kilomita 900 mbele yake. Kwake yeye, kulipwa kwa safari kuna maana, kwa kuwa siku zake humalizika barabarani. Dereva wa Mkokotoni hufika Mjini kabla jua halijawa kali. Siku yake humalizika kwa kungoja.

Hungoja zamu katika bohari la mafuta. Hungoja bandarini Malindi mzigo utolewe na karatasi zigongwe mihuri. Hungoja mvua ya masika ipite, maana saruji ikilowa haina mnunuzi. Na hapa Mkokotoni hungoja hata bahari. Mzigo wa Tumbatu huteremshwa garini na kupandishwa chomboni, na vyombo hufuata maji. Maji hujaa na kupwa kwa takriban saa sita na dakika chache kila upande, na kila siku wakati wake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Dereva aliyefika maji yamekwisha kutoka hana la kufanya ila kukaa chini ya mwembe mpaka yarudi.

Ndipo mkataba unaohesabu safari tu, ulioigwa kutoka njia ndefu za Bara, unapogeuka mzigo kwa dereva wa kisiwani. Anayelipwa kwa safari hulipia kungoja kwa mfuko wake mwenyewe. Anayelipwa kwa mwezi au kwa siku, kungoja hulipiwa na mwenye gari, na mwenye gari naye hujifunza kupanga shughuli zake vizuri.

Funzo la njia ya Zambia

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano ulio wazi wa kazi hizi mbili. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Desemba ya mwaka huo mafuta yaliyokuwa yakipita huko kwenda Zambia yakakatika. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya malori ya Tanzania na Zambia. Magari yalitoka Dar es Salaam na mafuta, na yakarudi na shaba. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, yenye utelezi wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi, na magari mengi yaliangukia mabondeni hata njia hiyo ikapewa jina la jehanamu.

Yako mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba biashara ile ilisimama kwa sababu gari lilikuwa na mzigo kwenda na mzigo kurudi. La pili ni kwamba kazi hubadilika upesi. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilifunguliwa, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Dereva aliyedhani kwamba Zambia itamhitaji siku zote kupeleka mafuta kwa lori aliona shehena ile ikipita chini ya ardhi.

Kwa watu wa kaskazini funzo hilo lina maana yake. Serikali ya Zanzibar imekuwa na mpango wa bandari ya Mangapwani wenye gati na matangi ya mafuta na gesi. Mafuta yakichukuliwa Mangapwani badala ya Mjini, njia ya kufika vituo vya kaskazini itakuwa fupi zaidi. Dereva anayelipwa kwa kilomita au kwa safari aliyopangiwa kutoka Mjini atafaa ajue mapema malipo yake yatahesabiwaje siku hiyo.

Kazi ya mafuta ilivyo

Lori la mafuta halinyanyuliwi kwa mgongo, lakini lina adabu zake. Mafuta hayakai kimya kama magunia. Tangi lisilojaa, gari likifunga breki, mafuta hukimbilia mbele na kulisukuma. Gari likikata kona, huegemea upande na kulivuta. Kwa sababu hiyo matangi mema hugawanywa vyumba, na dereva mwema huingia kona polepole kuliko mwenzake wa saruji mwenye uzito ule ule.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini na kukaa katika mitaro na mashimo, ukingoja cheche. Tangi lililokwisha kushushwa lisidharauliwe, kwani limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Mafuta yanapopita katika mpira huzaa umeme, ndiyo maana waya wa kuupeleka umeme huo ardhini hufungwa kwanza, kabla mpira haujaunganishwa. Dereva anayeombwa auruke mwenendo huo kwa ajili ya haraka hana budi kukataa, na mkataba wake hauna budi kumlinda anapokataa.

Duniani kote petroli hutambulikana kwa nambari 1203 na dizeli kwa nambari 1202, zinazoandikwa katika kibao cha rangi ya machungwa. Nambari hizo huwaambia wazimamoto ni kitu gani kilichomo, hata kama dereva amezimia. Mwenye kutafuta kazi alitazame gari kwanza. Kama halina kibao, halina chombo cha kuzimia moto na halina waya, mshahara uliotajwa si mkubwa hata ukiwa mkubwa.

Hatari yenyewe si ya hadithi. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010, Sange katika Kivu ya Kusini, Kongo, walikufa zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, walikufa zaidi ya 100. Katika misiba hiyo mitatu, miongoni mwa waliokufa walikuwamo wananchi waliokuja kuchota mafuta. Kwa hiyo dereva wa mafuta ana amana ya kijiji kizima. Gari likipinduka, kazi yake ya kwanza, kama yu mzima, ni kuzima injini, kuwafukuza watu, kukataza sigara na kuwaita wazimamoto. Na vyama vyetu vina wajibu wa kuwaambia wanachama wao kwamba petroli iliyomwagika si riziki.

Liko jambo jingine lisilotajwa siku ya kuajiriwa, nalo ni upungufu. Petroli hupanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, kiasi cha lita 1 katika kila lita 1,000 kwa kila digrii 1. Lori likipakia lita 10,000, na mafuta yakapoa kwa digrii 5 kabla ya kupimwa tena, zitaonekana lita 50 pungufu bila ya mtu yeyote kuiba hata kikombe. Kama mkataba unasema kila pungufu ni deni la dereva, basi dereva huyo atalipishwa kosa la hali ya hewa. Mkataba wa haki hutaja kiasi cha upungufu kinachokubalika, na hutaka vifuniko na vali vifungwe kwa lakiri mbele ya dereva bohari, na lakiri hizo zikatwe mbele yake kituoni.

Kwa upande wa neema, mafuta ni haja ya kila siku. Kuanzia tarehe 10 Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme utokao Bara ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, na mahoteli na maduka yakaendeshwa kwa majenereta. Katika dhiki ile dereva wa mafuta hakukosa kazi.

Kazi ya mizigo ilivyo

Kazi ya mizigo ina uhuru zaidi. Dereva hujuana na wenye maduka, mahamali, manahodha na mafundi, na kujuana huko ni mtaji wa baadaye kwa mwenye nia ya kumiliki gari lake. Gari likishusha saruji Nungwi au Matemwe, linaweza kurudi Mjini na mwani, dagaa, ndizi au fanicha. Lori la mafuta haliwezi. Lazima lirudi tupu. Swali la dereva liwe: fedha za mzigo wa kurudi ni za nani? Mahali pengine ni za mwenye gari peke yake, mahali pengine dereva ana fungu lake. Fungu hilo lisipoandikwa, siku ya ugomvi halipo.

Hatari za mizigo hazina moshi, lakini zipo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 200 ni tani 10. Mwenye mali akisema ongeza 40, ameongeza tani 2, na breki hazikuongezwa. Likitokea la kutokea, aliyekuwa usukanini ndiye atakayesimama mbele ya polisi, wala si aliyesema ongeza. Turubai likitoboka na unga ukalowa, huulizwa dereva. Mifuko ikipungua mitatu dukani, huulizwa dereva. Kwa hiyo hesabu hufanywa wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, na karatasi hutiwa saini na aliyetoa na aliyepokea. Dereva asiyetaka kuhesabu kwa sababu jua ni kali ameuza mshahara wake kwa kivuli.

Tena mizigo hufuata majira. Ujenzi ukipamba moto, malori hayatoshi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipowazuia wageni, mahoteli mengi yalifunga milango, na waliotegemea kuyapelekea bidhaa waliliona pengo.

Mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo ni mfano tu, na kila katibu aweke tarakimu za kwao. Mwenye lori la mizigo anaahidi shilingi 12,000 kwa safari, safari mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 624,000. Mwenye lori la mafuta anaahidi mshahara wa shilingi 420,000 kwa mwezi. Kijana anayeangalia juu juu atakimbilia mizigo.

Sasa kungoja kuingizwe katika hesabu. Nusu ya siku zile, kwa foleni, mvua na maji ya bahari, gari litapata safari moja badala ya mbili. Safari zitakuwa 39, na malipo shilingi 468,000. Na kama ni dereva anayemlipa utingo shilingi 3,000 kwa kila safari, zitatoka 117,000. Zilizobaki ni 351,000, chini ya mshahara wa mafuta.

Je, basi mafuta yameshinda? Bado. Ule upungufu wa lita 50, ikiwa lita moja ni shilingi 3,000, ni shilingi 150,000. Akikatwa mara moja tu kwa mwezi, mshahara wa 420,000 umekuwa 270,000, nayo mizigo imerudi juu.

Ndugu Wanachama, hapo ndipo penye kiini cha maneno haya. Kazi ya mafuta si bora kuliko ya mizigo, wala ya mizigo si bora kuliko ya mafuta. Kinachoitofautisha kazi njema na mbaya ni mistari miwili mitatu ya mkataba: nani analipia kungoja, nani analipia kilichopungua, nani anamlipa utingo, na nani anachukua fedha za kurudi.

Mistari hiyo ikiwa sawa, ndipo tabia ya mtu itazamwe. Mtu mtulivu, asiyevuta sigara, anayefuata mwenendo ule ule kila siku bila ya kuchoka, mafuta yanamfaa. Mtu mwenye nguvu, mwenye maneno mazuri na watu, anayejua kuhesabu na kuandika, na anayetamani siku moja awe na gari lake, mizigo itamfunza biashara. Mwenye pupa haifai hii wala ile.

Maswali saba

Kuuliza si ujinga. Katibu ampe kila mwanachama dereva maswali haya, naye aende nayo kwa mwajiri kabla ya kuzipokea funguo.

1. Malipo ni ya mwezi, ya siku au ya safari, na siku ambayo gari halikutoka hulipwaje?
2. Kungoja bohari, bandarini au pwani kunahesabiwa kuwa ni kazi kuanzia saa ngapi?
3. Upungufu wa mafuta au wa mizigo unapimwa na nani, mbele ya nani, na kiasi gani kinasamehewa?
4. Utingo ameajiriwa na nani?
5. Mzigo wa kurudi ni wa nani, na fungu la dereva ni kiasi gani?
6. Mwajiri analipa michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 1998, na dereva akiumia kazini atatibiwa na nani?
7. Dereva akikataa kutoka na gari bovu au lililozidishwa uzito, atalindwa au ataachishwa?

Mwajiri mwema hatakasirishwa na maswali haya. Atakayekasirika amekwisha kuyajibu.

Wajibu wa chama

Vyama vya msingi vina mambo matatu ya kufanya. Kwanza, kila ofisi ya chama iweke mfano wa mkataba wa dereva unaolingana na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya mwaka 2005, na mwanachama asaidiwe kuusoma wa kwake kabla ya kutia saini. Mkataba wa mdomo ni kama nyayo za mguu ufukweni. Maji yakijaa hazionekani.

Pili, kamati ya mikopo isipime uwezo wa dereva kwa ahadi za safari. Ipime kwa kile ambacho ana uhakika nacho katika mwezi mbaya. Katika mfano uliotolewa, mkopo wa dereva wa mizigo upimwe kwa safari 39 wala si 52, na wa dereva wa mafuta upimwe baada ya kujua sharti lake la upungufu. Kwa njia hii wadhamini watalala usingizi.

Tatu, chama chenye lori lake kiwe mfano. Si haki chama kudai kwa waajiri wengine jambo ambalo chenyewe hakilitendi. Dereva wa chama alipwe kwa siku, utingo aandikwe katika daftari la mishahara, mzigo wa kurudi utiwe katika hesabu za chama na fungu la dereva litajwe katika mkutano mkuu. Gari linalopeleka bidhaa za Tumbatu lipangwe kwa kufuata kalenda ya maji, ili siku za bamvua na za maji mafu zijulikane mapema na watu wasikeshe pwani bure.

Kijana aliyetajwa mwanzoni basi asijibiwe kwa neno moja. Apewe karatasi yenye maswali saba, aende kwa waajiri wote wawili, arudi na majibu yaliyoandikwa, na katibu akae naye wayalinganishe mstari kwa mstari. Kazi atakayoichagua baada ya hapo ataijua, na chama kilichomkopesha kitaijua pia.